Sauti Iliyofungiwa Stoo

Jumatatu, 9 Machi

Daftari hili lilikuwa la mume wangu, la ishirini katika hesabu yake. Kumi na tisa aliyajaza. Hili alilikunja kona ya jalada, kama alivyofanya kila alipofungua jipya, halafu hakuliandika hata nukta. Leo ni wiki ya tatu tangu tumzike. Nimeona bora niliandike mimi kuliko likae pale mezani likinikodolea macho.

Aliandika madaftari kwa sababu hakuwa na sauti. Mwanzoni mwa mwaka jana walimpasua koo, wakaondoa uvimbe pamoja na kile kisanduku cha sauti. Akaishi miezi kumi na tatu kimya, akizungumza nami kwa kalamu. Kabla ya upasuaji alijifungia stoo siku kumi akirekodi sauti yake: rekodi moja ya dada yake, moja ya binti yetu, moja yangu. "Mtasikiliza nikishaondoka," alisema. "Mkisikiliza nikiwepo nitaona haya."

Rekodi aliziweka kwenye seva yake. Seva ni jina la heshima tu. Ni kompyuta aliyoiunga kwa mabaki ya nyingine tatu zilizokufa, haina hata kifuniko, inakaa stoo kati ya ndoo za rangi na cherehani isiyoshona. Haikuzimwa kamwe, umeme ukikatika kulikuwa na betri. Mimi niliiita mke mwenza, kwa jinsi alivyokuwa haishi kwenda kuichungulia. Siku alipoitayarisha kwa hizo rekodi aliniketisha mbele ya kibodi. "Weka neno la siri wewe, Katibu. Mimi nisilijue, nisije nikazifuta kwa woga." Katibu ni mimi, ndiyo kazi niliyostaafu nayo. Nikaliandika mara mbili kama ilivyotakiwa, seva ikakubali, naye akaanza kurekodi siku hiyohiyo.

Siku ya msiba, wifi yangu, dada yake mkubwa, alichomoa waya wa seva akachomeka birika la chai ya wageni. Betri ikavumilia saa mbili, ikakata roho. Sasa seva ikiwashwa inadai neno la siri kabla ya kufungua chochote. Neno ninalijua. Nimeliandika mara sita, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, macho yangu yote kwenye kibodi. Inakataa.

Jumanne, 10 Machi

Mvua imeanza. Stoo inavuja palepale ilipovuja mwaka jana.

Alhamisi, 12 Machi

Amekuja fundi wa kompyuta. Alijifunza kazi kwa mume wangu, siku hizi ana duka lake na mvi kidevuni. Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na nimeonja sababu: nilimwita tangu wiki jana. Aliinama akatega sikio kwenye seva.

"Mama, hebu sikia. Diski inalia."

Nikasikia. Tiki, tiki, tiki.

"Ikishaanza hivi, siku zake zinahesabika. Kila tukiiwasha tunaipunguzia maisha."

"Basi nakili kila kitu upesi."

"Ikiwa imefungwa, kuinakili yote ni siku mbili mfululizo. Haifiki. Ikifunguka, nachukua zile faili tatu tu, dakika chache basi. Lakini ifunguke kwanza. Mzee aliifunga kwelikweli. Bila lile neno, hata mimi hapa ni mpita njia."

Ameibeba kwenda dukani kwake, ambako ni pakavu. Kibodi ameiacha kwenye rafu, anayo yake. Tumekubaliana kwamba nikienda ninajaribu mara moja tu, kisha inazimwa. Alipoondoka, kwenye vumbi la stoo pamebaki alama ya mraba. Nilisimama pale nikalia mpaka wifi akaja mlangoni, na nilipomwona nikafunga mlango.

Jumapili, 15 Machi

Binti yetu amepiga simu. Yuko mbali, kazini walimnyima ruhusa, hata kuzika hakuzika.

"Mama, imefunguka?"

"Bado."

"Nimeanza kuisahau, mama. Nikijaribu kuikumbuka sauti ya baba, inakuja ya mjomba."

Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii. Nilimsikia vizuri sana.

Jumanne, 17 Machi

Wifi alihamia kwetu mwaka jana kumuuguza kaka yake, na bado anakaa chumba cha nyuma. Mdomo wake hauna breki. Akiwa hana mtu anazungumza na sufuria. Leo amenifuata hadi kamba ya nguo.

"Wifi, mimi niliona waya, nikaona birika. Sikujua kama mule ndani kuna kaka yangu."

"Na akili uliiona wapi?"

Akachukua beseni langu, akaanza kuanika nguo zilizobaki. Nilikuwa nimemshinda, na sikufurahi kama nilivyotarajia.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Tumekula kila mtu chumbani kwake.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekwenda dukani. Fundi Kesho akaiwasha, mlio ukaanza, nikaandika neno polepole, nikahakikisha kila herufi. Ikakataa. Akaizima haraka.

"Mama, una uhakika na hilo neno?"

Nilimwangalia. Nimepiga chapa miaka thelathini na moja, bila kutazama vidole, na mabosi watano nimewazika kwa barua za kustaafu nilizozipiga mwenyewe. Sijarudishiwa barua. Isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyonipa mume. Nilikuwa mgeni kazini, barua ikatoka na wino uliopauka, nikasema mashine ni mbovu. Akaletwa fundi, kijana mwembamba mwenye bisibisi sikioni. Akaitazama dakika moja akasema mbele ya bosi, "Mashine haina kosa." Kumbe utepe wa wino niliuweka juu chini. Sikumsalimia wiki mbili. Ya tatu nikamsalimia, na mengine yakafuata.

"Nina uhakika," nikamwambia Fundi Kesho. "Kosa ni la hiyo mashine."

Jumanne, 24 Machi

Umeme umekatika mara nne. Kila ukikatika moyo wangu unakwenda dukani kwa fundi.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeyatoa madaftari yote kumi na tisa. Nilifikiri labda aliwahi kulibadilisha neno akaandika mahali. Nimeanza asubuhi, na sasa jua linazama.

Sikujua kazi hii ingekuwa hivi. Kwenye madaftari yupo yeye tu. Mimi nilikuwa nikijibu kwa mdomo, kwa hiyo majibu yangu hayamo. Nasoma:

*Kaa kwanza.*

*Si chumvi. Kaa.*

*Vyombo havikimbii.*

*Haya, baadaye.*

Na mwenyewe ninakumbuka nilivyosema. Nilisema supu imepungua nini, chumvi? Nikasema nina vyombo. Nikasema kwani nikisimama sisikii? Nikasema baadaye. Ukurasa unaofuata:

*Binti amepiga?*

*Alisema nini?*

*Yote. Nieleze yote.*

Nilimweleza kwa maneno matano, kwa sababu nilikuwa nafagia. Daftari la tatu, la nne, la saba, kila baada ya kurasa mbili tatu: *Kaa kwanza.* Katika daftari la saba peke yake nimehesabu mara arobaini na moja. Nilidhani mtu asiye na sauti ameumia koo tu. Sikujua kwamba mtu anayeandika hawezi kuzungumza na mtu aliyesimama amempa mgongo. Alihitaji nikae nitazame karatasi. Na mimi nilikuwa nikipitapita nyumba nzima kama askari wa zamu, kwa sababu nikikaa ningeona amekonda kiasi gani.

Wifi ndiye aliyekuwa akikaa. Ninaona kurasa zao: mistari mirefu, utani wa utotoni, michoro ya mbwa wao wa zamani. Nimeziona nikakasirika zaidi.

Neno la siri halimo. Ningeliona, maana nimesoma kila mstari.

Jumapili, 29 Machi

Binti amepiga. Bado.

Jumapili, 5 Aprili

Binti amepiga. Safari hii hakuuliza. Tumezungumza habari za hali ya hewa, yake na yangu.

Jumatatu, 6 Aprili

Nilikwenda dukani na orodha ya njia nane za kuliandika neno: kwa herufi kubwa, kwa nafasi, bila nafasi. Fundi Kesho akaikunja orodha.

"Leo hapana, mama. Unyevu umezidi. Kesho."

"Kesho, kesho! Mume wangu alikufundisha kazi hii, na wewe unanipiga danadana?"

Wateja wawili wakageuka. Yeye akafuta miwani yake kwa shati, bila haraka.

"Alinifundisha hivi, mama. Kifaa kikiwa mahututi, usikiguse ili uonekane unafanya kazi. Nikiiwasha leo mara nane kukufurahisha, kesho utakuwa umeikosa."

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka ndani ya viatu. Alikuwa na haki, ila sikumwambia.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemfukuza wifi.

Ilianza na kitu kidogo. Alikuwa jikoni akiimba ule wimbo wao wa utotoni usio na maneno, na mume wangu naye aliwahi kuuimba akinyoa ndevu. Nikasikia sauti ya wifi ikipita njia zilezile alizopita kaka yake, ikipanda palepale, ikishuka palepale. Nikashindwa.

"Nyamaza," nikasema. "Umemchomoa, na bado unamwimba."

"Wifi, tumechoka wote. Kaa kwanza tuzungumze."

Angesema neno jingine lolote. Nikamwambia nyumba hii si ya kwake, kaka yake hayupo, na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza amekwisha kuuguzwa. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema, ili nisije nikayapunguza baadaye.

Alikusanya nguo zake kwenye mfuko mmoja. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata hodi usingeisikia. Mlangoni akageuka.

"Naenda. Lakini birika lile, wifi, wewe ndiye uliyeniagiza. Ulisema, chomeka popote, watu wanangoja chai. Sikutaka kukukumbusha, na mzigo ulionao."

Ijumaa, 10 Aprili

Ni kweli. Nilisema hivyohivyo: chomeka popote. Nilisema nimesimama, nimempa mgongo.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimesikia amepanga chumba mtaa wa pili, nyuma ya kinyozi. Sijaenda.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Nyumba haina sauti hata moja. Sufuria nazo zimekosa mtu wa kuzungumza nazo.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika haraka, atakayesoma anisamehe.

Tangu nistaafu ninawachapia wanafunzi wa chuo kazi zao hapa nyumbani. Asubuhi nimekuta dari imevujia meza yangu na kibodi imejaa maji. Kazi ya mtu inatakiwa leo. Nikakumbuka kibodi ya zamani aliyoiacha fundi kwenye rafu ya stoo. Nikaifuta vumbi, nikaiunganisha, nikaanza kuchapa kama nichapavyo siku zote, macho kwenye karatasi ya mwanafunzi, vidole vinajiendea. Nimemaliza aya nzima, nikainua macho kwenye kioo. Hakuna hata neno moja la kibinadamu. Takataka tupu.

Nikasema kibodi ni mbovu. Nikachapa herufi moja moja nikitazama: nzima. Nikafumba macho nikachapa tena: takataka.

Ndipo nikaipapasa. Kwenye kibodi, herufi F na J zina vinundu vidogo. Mpiga chapa huvipapasa kwa vidole vya shahada, mikono ikajua ianzie wapi, na baada ya hapo haina haja ya macho. Kwenye hii kibodi vinundu vimesagika, vimekwisha. Ila herufi ya jirani, G, iliwahi kuvunjika, na mume wangu akaiunga kwa gundi, na gundi ikabaki tone juu yake. Kidole changu cha kushoto kilikuwa kikitua kwenye tone la gundi kikidhani kimefika. Cha kulia kikamfuata mwenzake. Mikono yote miwili ikawa imehamia herufi moja upande wa kulia, na kila nilichoandika kikahama nayo.

Siku ile ya neno la siri nilitumia kibodi hiihii. Sikuitazama. Nilikuwa nikimtazama yeye, mdomo wake, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku kumi za kuusikia ukitoa sauti. Nikaandika mara mbili, mikono haijainuka, kosa likajirudia sawasawa, na kioo kilionyesha nukta tu. Halafu baadaye nikalitafuta neno kwa uangalifu, kwa kidole kimoja, kwa macho makavu. Uangalifu wangu ndio ulionifungia mlango.

Nilikwenda dukani nimeikumbatia kibodi ndani ya koti. Fundi Kesho akaniona nilivyo, hakusema kesho. Akaichomeka, akaiwasha seva. Tiki, tiki, tiki. Nikapapasa tone la gundi. Nikamtazama fundi usoni, kwa kuwa ilinibidi nimtazame mtu, nikaandika neno langu: mashine haina kosa.

Ikafunguka.

Sikushangilia. Mlio wa diski ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito kama kikohozi. Faili tatu zikajipanga kwenye kioo: Dada. Binti. Katibu.

"Haraka, mama. Sidhani kama itazimaliza. Tuanze na ipi?"

Kidole changu kilikuwa tayari kinaelekea jina langu, siwezi kudanganya. Wiki nane sijalala kwa ajili ya faili ile. Lakini nilikumbuka madaftari. Mimi ninayo kumi na tisa, nusu ya mazungumzo ya mwaka mzima, na nusu nyingine ninayo kichwani. Binti hana kitu. Na yule aliye nyuma ya kinyozi nilimtoa kwenye mvua kwa kosa langu.

"Dada," nikasema. "Kisha binti. Mimi mwisho."

Ya dada ikapita yote. Ya binti ikasuasua, ikasimama, fundi akaweka kiganja juu ya diski kama anayemtuliza mtoto, ikaendelea, ikapita. Ya kwangu ikaanza. Diski ikapiga mlio mmoja mrefu, kisha ikanyamaza kabisa. Fundi Kesho akajaribu kila alichokijua, hadi akavua miwani akaiweka mezani.

"Mama, zimepatikana sekunde tisa."

Nimemwomba aniwekee kwenye simu. Sijazisikiliza. Nimemwambia pia kwamba nilimkosea siku ile mbele ya wateja, akasema hakumbuki, na ni mwongo mzuri.

Jumapili, 19 Aprili

Binti amepiga. Nilikuwa nimeshamtumia. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Ni yeye, mama. Si mjomba. Ni yeye." Akalia, nami nikalia, wala hakuna aliyesingizia mtandao.

Mchana nikaenda nyuma ya kinyozi. Wifi alifungua mlango, akaona simu mkononi mwangu, akasogea nipite. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwanza, simu baadaye. Nikamweleza habari ya birika, na kibodi, na tone la gundi. Alicheka hadi akashika kitanda.

"Mpiga chapa mzima! Miaka thelathini!"

"Na mmoja."

Chumbani kulikuwa na kiti kimoja na kitanda. Tukakaa kitandani bega kwa bega, tukasikiliza ya kwake. Ilikuwa ndefu, yenye mbwa na utoto na mambo nisiyoyajua. Mwishoni alisema, kwa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo: "Dada, Katibu atakufukuza. Akiogopa huwa anafukuza watu, mimi mwenyewe nimefukuzwa mara nyingi. Ondoka, lakini usiende mbali."

Nikamtazama wifi. Alikuwa na pesa za nauli ya kwenda kwao, najua, lakini alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili tu.

"Mimi nilikuwa sijaisikia," akasema, akifuta macho kwa upande wa kiganja. "Ila namjua kaka yangu, na wewe nimekujua."

Nimerudi na mfuko wake begani mwangu.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo hainyeshi. Wifi anazungumza na sufuria.

Jumatano, 22 Aprili

Mbingu ziko wazi. Wifi amekwenda sokoni, nyumba ni tupu, vyombo vya asubuhi viko kwenye beseni. Nilisimama jikoni nikabonyeza sekunde zangu tisa.

Kwanza kuna mkwaruzo, kiti kinasogezwa. Kisha anakohoa, kile kikohozi cha kabla ya kusema jambo. Kisha anasema:

"Katibu. Najua umesimama. Acha hivyo vyombo. Kaa kwanza…"

Hapo ndipo inapokatika. Alichotaka kuniambia baada ya hapo sitakijua. Nimejaribu kukikisia asubuhi nzima, na mwisho nimeacha, maana ningeweka maneno yangu mdomoni mwake, na hayo niliyasema ya kutosha alipokuwa hana mdomo.

Nimeviacha vyombo. Nimevuta kiti chake hadi mezani, nikalifungua daftari lake la ishirini ukurasa huu, ili nimjibu kwa njia aliyoitumia yeye.

Nimekaa.